Saitransi haipimwi kwa dakika tatu

Nikitaja saitransi (psytrance, muziki wa kudansi unaotengenezwa kwa mashine) mbele ya watu wa nyumbani, hupata jibu moja kati ya mawili: "Ule muziki wa walevi wa ufukweni?" au "Ule wa du-du-du usio na mwisho?" Nawaelewa. Wengi wamesikia kipande cha dakika moja kwenye simu ya mtu, kwa kispika kisichotoa besi hata chembe, wakahukumu hapohapo. Mimi nimeusikiliza muziki huu zaidi ya miaka kumi, nimeucheza hadi jua likachomoza, na naupenda kiasi cha kuumia nikisikia unasemewa yasiyo yake. Nitayachukua yale ninayoyasikia mara nyingi.

"Ni muziki wa Kihindi." "Hapana, ni wa kompyuta za Ulaya."

Nimesikia watu wawili wakibishana hivi, na kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya habari. Saitransi ilianzia Goa, jimbo dogo la pwani ya magharibi ya India, nyumbani kwa wale Wagoa ambao jamaa zao walihamia Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Lakini walioianzisha hawakuwa wenyeji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Kimarekani na Kizungu walikuwa wakipiga kambi ufukweni Anjuna na kukesha kwa gitaa, roki na rege. Mmoja wao alikuwa Gilbert Levey wa California, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Goa Gil. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya ma-DJ, akiwemo Mfaransa aliyeitwa Laurent, waligeukia muziki wa mashine uliokuwa ukitoka Ulaya na Marekani. Wakawa wanakata sehemu zenye maneno, wanaunganisha zile za ala tupu, na kuzirefusha.

Hapa kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo linaloeleza umbo la muziki wote. Santuri hazikufaa Goa: joto lilizipinda, na mchanga ukazikwaruza. Ma-DJ wakatumia kaseti, halafu kanda ndogo za dijitali zinazoitwa DAT. Mashine za DAT walizokuwa nazo hazikuwaruhusu kubadili kasi ya wimbo ili mapigo yake yaoane na ya wimbo unaofuata. Ikabidi wimbo uanze polepole, kwa sauti zinazoelea bila ngoma, na umalizike vivyo hivyo, ili uingie ndani ya mwenzake bila kugongana. Ndiyo maana wimbo wa Goa wa miaka ya 1990 huchukua dakika saba, nane, tisa, na aliyeuzima katika dakika ya pili hakuwa amefika hata mlangoni.

Ulaya ilikuja baadaye. Youth, mpiga besi wa bendi ya Killing Joke, alianzisha lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Dragonfly huko London mwaka 1993. Lebo ya TIP ikafuata 1994, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwemo Raja Ram, Mwaustralia mpiga filimbi ambaye tangu 1969 alikuwa akipuliza katika bendi ya Quintessence. Desemba 1994 DJ Mwingereza Paul Oakenfold akaupeleka muziki wa Goa kwenye BBC Radio 1, na waliokuwa hawajawahi kuiona Anjuna wakausikia vitandani kwao.

Na kuhusu Uhindi wake, mimi nasikia kingine. Lisikilize kundi la Astral Projection la Israeli katika albamu ya Dancing Galaxy ya mwaka 1997. Sikio lililolelewa na taarab litaitambua ile nusu-hatua na ule mruko unaofuata: ni ladha ya hijazi, ile ngazi ya nota ya muziki wa Kiarabu. Mara ya kwanza kuisikia nilisimamisha kazi niliyokuwa nafanya. Sauti ilikuwa ya mashine, lakini mwendo wa nota niliujua tangu utotoni, kwenye harusi za mtaani.

"Ni biti moja tu, haibadiliki"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo rahisi kulijibu kwa masikio. Chukua hedifoni nzuri, zinazotoa besi ya kweli. Weka Twisted ya Hallucinogen, ya mwaka 1995. Hallucinogen ni mtu mmoja, Mwingereza Simon Posford, na kwa maoni yangu hakuna albamu ya saitransi iliyoipita hadi leo.

Kwanza sikiliza chini kabisa. Kila pigo limegawanywa mara nne: ngoma nzito inagonga moja, besi inajibu tatu. Du-ga-ga-ga. Kwa mwendo wa mapigo 145 kwa dakika, hizo ni nota 435 za besi katika dakika moja, na kila moja lazima ikatike kabla ngoma haijarudi. Ikibaki hata kidogo, chini panakuwa matope. Watengenezaji hutumia siku nzima kuchonga mahali hapo tu, kwa sababu hiyo ndiyo sakafu ambayo vingine vyote vinasimama juu yake. Haibadiliki kwa makusudi. Kwenye ngoma zetu pia yuko anayeshika pigo lilelile usiku kucha ili mwenzake aweze kucheza nalo, na hakuna anayesema yule hajui kupiga.

Sasa panda juu. Kuna ile sauti inayojikunja, inayolia kama mpira uliolowa ukisuguliwa kwenye kioo. Asili yake ni Roland TB-303, kimashine cha Kijapani kilichotoka mapema miaka ya 1980 ili kimsindikize mpiga gitaa badala ya mpiga besi. Kilishindwa kazi hiyo, kikauzwa kwa bei ya kutupa, na waliokiokota wakagundua kwamba ukizungusha vitufe vyake huku kinapiga, kinaongea. Posford huiachia sauti ya namna hiyo irudie nota chache mara nyingi, lakini kila mzunguko anafungua kidogo zaidi, au anaongeza mwangwi, au anaondoa nota moja tu. Hakuna kiitikio cha kukuambia sasa ndio penyewe. Unabadilishiwa chumba ukiwa umesimama palepale. Anayesubiri kiitikio atasema hakuna kilichotokea.

"Ina kasi mno"

Hili nalimaliza haraka. Muziki wa Goa na saitransi ya kawaida hutembea kati ya mapigo 135 na 150 kwa dakika. Singeli ya Dar es Salaam huvuka 200 na kuendelea. Mtu anayecheza singeli hana sababu ya kuiogopa saitransi kwa kasi yake.

"Bila dawa za kulevya huwezi kuufurahia"

Sitaficha. Historia ya muziki huu imeshikana na dawa hizo. Wimbo wa kwanza wa Twisted, albamu ninayoisifu hapo juu, unaitwa LSD, jina la dawa ya kulevya. Kundi la 1200 Micrograms, ambalo Raja Ram alikuwa mmoja wao, lilitoa albamu mwaka 2002 yenye nyimbo zilizopewa majina ya vilevi. Anayesema hakuna uhusiano anadanganya, na waandaaji makini hawadanganyi: tamasha la Boom huko Ureno lina huduma iitwayo Kosmicare, ya kuwatuliza na kuwahudumia waliozidiwa.

Lakini kutoka hapo hadi kusema muziki wenyewe ni tupu bila dawa ni safari nyingine. Mimi hucheza kwa maji, ndizi na viatu vizuri. Aliyewahi kukesha kwenye ngoma anajua kwamba pigo lisilokatika, likishikwa kwa saa nyingi pamoja na watu wengi, lina kazi yake mwilini. Pumzi inafuata, mawazo yanapungua, uchovu unakuja na kuondoka. Hilo linatokana na ngoma na miguu, na lilikuwepo kabla ya mashine yoyote.

"Hakuna wanamuziki pale, ni DJ anabonyeza kitufe"

Wapo wa namna hiyo. Nimewahi kulipa kiingilio kikubwa kumwona msanii aliyetangazwa kwamba atapiga laivu, nikamkuta nyuma ya laptopu ameinua mikono, muziki unajiendesha. Niliondoka na hasira na bado ninayo. Aliyeniuzia tiketi kwa neno "laivu" alipaswa kuniletea watu wanaopiga.

Lakini tazama upande wa pili. Juno Reactor, mradi wa Mwingereza Ben Watkins, umesimama jukwaani na wapiga ngoma wa Afrika Kusini, akiwemo Mabi Thobejane. Infected Mushroom, vijana wawili wa Haifa, walikuja kupiga na gitaa na ngoma halisi. Mashabiki wa zamani huwaambia wameusaliti muziki tangu Converting Vegetarians ya 2003, albamu ya diski mbili ambamo moja tu ndiyo transi. Siafiki. Albamu yao ya Classical Mushroom ya mwaka 2000 ilishaonyesha kwamba walikuwa na kinanda vidoleni na hawangekaa chumba kimoja milele. Sizipendi kazi zao zote za baadaye, ila kutopenda si kusalitiwa.

Halafu kuna Shpongle. Posford na Raja Ram waliungana, wakapunguza mwendo, na mwaka 1998 wakatoa Are You Shpongled?, nyimbo saba tu. Ule wa mwisho ulitokana na kupatwa kwa jua walikokushuhudia India, na unakaribia dakika ishirini. Filimbi yake ina pumzi ndani: unamsikia mzee Raja Ram akivuta hewa kabla ya kupuliza. Ukimchezea mtu wimbo huo gizani, akae kimya hadi mwisho, yale ya kubonyeza kitufe yanakwisha bila mabishano.

"Sherehe zake ni fujo za usiku"

Watu hudhani kilele ni saa sita za usiku. Kilele ni asubuhi. Usiku mzito ni wa sauti nzito, nyingine za kutisha kabisa, zisizo na wimbo wa kushika. Kuelekea alfajiri DJ anayejua kazi yake huanza kuingiza melodi, moja moja. Kwenye tamasha la Ozora, Hungaria, nilisimama kwenye mteremko mbele ya jukwaa wakati giza linaanza kupauka. Vumbi lilikuwa hadi kwenye kope. Mama mmoja mwenye mvi alikuwa akicheza peku karibu yangu, macho kafumba. Jua lilipogusa ukingo wa kilima, melodi ikafunguka, na watu waliokuwa wamelala kwenye nyasi wakainuka mmoja mmoja, wakaja bila kuitwa. Hakukuwa na fujo hata chembe.

Ozora yenyewe ilianza kwa sababu ya jua. Watu walikusanyika pale Agosti 1999 kungoja kupatwa kwake, na mwaka 2001 wenzao wakalifuata tukio kama hilo hadi Zambia. Goa kwenyewe siku hizi spika za nje hazipaswi kulia kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa kanuni za India za mwaka 2000. Zile saa ambazo muziki huu ulitungwa kwa ajili yake ndizo zilizofungwa pale ulipozaliwa.

Goa Gil aliendelea kupiga kwingineko. Aliaga dunia Oktoba 2023 akiwa na miaka 72, na kwa miaka mingi alijulikana kwa kupiga saa 24 mfululizo peke yake, kwa kanda za DAT: giza, alfajiri, jua kali, hadi giza tena.