Yai la pili la Fungu Mbaraka

Wavuvi huniuliza: mbona ndege wa bahari wanataga chini, juani, bila hata kijiti cha kiota? Swali zuri, na kwangu jibu lake liko Fungu Mbaraka, kisiwa ambacho wengine hukiita Fungu Kizimkazi na ramani huandika Latham. Ni kipande kidogo cha matumbawe, tambarare, mbali baharini mashariki ya Dar es Salaam. Mti hakuna. Lakini mahali pasipo na panya wala paka, ardhi tupu ni salama kuliko tawi lolote la bara.

Ninayempenda zaidi pale ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi kama aliyevaa barakoa, Sula dactylatra. Kuku anapoatamia, tumbo lake hunyonyoka manyoya ili ngozi iguse mayai. Huyu hana upara huo. Huyakanyaga mayai yake taratibu kwa nyayo zenye utando, na damu inayopita miguuni ndiyo inayoyapa joto kwa siku zipatazo 43. Jua la mchana likiwaka, kazi hugeuka: sasa mzazi hulikinga yai lisiungue.

Kwa kawaida hutaga mayai mawili, la pili siku kadhaa baada ya la kwanza, lakini hulea kinda mmoja tu. Kwa kuwa huanza kuatamia mara tu lile la kwanza linapotagwa, kinda wake hutangulia kuanguliwa. Mdogo akitoka, mkubwa humsukuma mbali na mzazi, na huyo mdogo hufa. Wazazi hawaingilii. Ni vigumu kulitazama jambo hilo, hata ukijua sababu yake: yai la pili ni akiba. La kwanza likiharibika, au kinda wa kwanza akifa mapema, msimu haupotei.

Buabua wa mgongo mweusi, ndege mwingine wa bahari anayetaga pale, hana akiba hiyo. Hutaga yai moja. Buabua hawa hukaa wamesongamana, kila mmoja akimwachia jirani nafasi inayolingana na urefu wa shingo na mdomo. Mtu akishuka kisiwani mchana, huruka wote kwa pamoja. Wageni hufurahia wingu lile la ndege. Mimi hutazama chini, kwenye mayai yaliyobaki wazi juani, na ndiyo maana saa za jua kali nawahesabu kwa darubini nikiwa chomboni.