Gari Ikijiendesha, Nani Anajibu?

Tangu video za teksi zisizo na dereva za San Francisco zienee kwenye simu zetu, dirishani kwetu, ofisi ya bima hapa Zanzibar, swali limekuwa moja: gari ikimgonga mtu na ndani hamna dereva, haki si imepotea? Haikupotea. Naomba tuelewane hapo mapema, maana jibu hilo nalirudia kila siku.

Teksi ya Darajani ikimgonga mtu, dereva anajibu kwa uzembe wake, tajiri mwenye gari anajibu kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi yake, na bima ndiyo inayotoa fedha. Muondoe dereva: tajiri yupo, bima ipo, na anaongezeka aliyetengeneza mfumo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2018 kwamba gari ikiwa inajiendesha, bima imlipe majeruhi kwanza, kisha yenyewe ikamdai mtengenezaji. Majeruhi hatakiwi kuijua kompyuta. Kwetu sheria bado zinamzungumzia dereva mwenye leseni, na zitahitaji kuandikwa upya kabla teksi hizo hazijashushwa bandarini Malindi.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari ya majaribio ya kampuni ya Uber, iliyokuwa ikijiendesha, ilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akikokota baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba mfumo ulimuona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, lakini haukutengenezwa kumfikiria mtu anayevuka pasipo na kivuko. Sasa simama Mwanakwerekwe saa kumi na moja jioni uhesabu wanaovuka kwenye kivuko.

Na imani ya watu haivunjwi na ajali peke yake. Oktoba 2023 teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise ilimburuta mwanamke San Francisco baada ya gari nyengine kumgonga kwanza. Mamlaka ya California ilisimamisha vibali vya kampuni ndani ya mwezi huohuo, na moja ya sababu ilikuwa kutoambiwa ukweli wote. Mwaka uliofuata kampuni ilikiri kutoa ripoti ya uongo, ikatozwa faini ya dola 500,000.

Wanaonishughulisha zaidi leo ni wenye magari ya Japani yenye kamera juu ya kioo cha mbele, yale yanayojishika kwenye mstari na kupiga breki yenyewe. Jamani, hiyo ni gari inayokusaidia, haikuendeshi! Hata kule Tempe, aliyekuwa kwenye kiti cha dereva kuisimamia gari ya Uber alikiri kosa mahakamani mwaka 2023 akapewa miaka 3 ya uangalizi. Uber haikushitakiwa kwa jinai. Kijana mmoja alitujia baada ya kuigonga gari ya kukokotwa na ng'ombe njia ya Fumba. "Gari haikusimama," alisema. Nilitoka kuitazama. Stika ya Mashallah ilikuwa imebandikwa juu ya jicho la kamera.

Ajali ikitokea, ya gari yoyote: gari isisogezwe mpaka askari wa usalama barabarani achore ramani ya tukio, isipokuwa kama kuna roho ya kuokolewa. Majeruhi apatiwe PF3, ile fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Gari ikaguliwe, ripoti itoke, nakala ziletwe kwa bima pamoja na leseni na kadi ya gari. Taarifa itolewe mara moja, isingoje wiki. Kama gari ina kamera au inatunza kumbukumbu za mwendo, fundi asiiguse kabla ya mkaguzi. Huo ni ushahidi, na kuufuta ni kuharibu ushahidi. Msiyamalize njiani kwa karatasi: ukikiri kosa na kuahidi kulipa bila ya bima kujua, umevunja sharti la mkataba wako na unaweza kulipishwa mfukoni mwako.

Mwenye ng'ombe alilipwa. Kijana alikuwa na bima ndogo tu, ile inayolinda watu wengine, kwa hiyo taa na bampa lake alitengeneza mwenyewe. Stika aliibandua palepale uwani kwetu, akaihamishia kioo cha nyuma.