Je, wajua kwa nini bahari ya Mombasa hupwa na kujaa, lakini Ziwa Victoria limetulia?

Kila Pasaka mabasi ya Kampala kwenda Mombasa hujaa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Busia au Malaba, kisha Nairobi. Watoto waliozoea ufuo wa Entebbe wakifika Diani, kinachowashangaza zaidi, ukiacha chumvi, ni kwamba bahari huondoka. Alfajiri maji yalikuwa karibu na minazi. Kufika saa nne yamerudi nyuma hadi mwambani, ngalawa zimekaa mchangani, na kina mama wanatembea juu ya miamba wakichokora mashimo ya pweza kwa vijiti. Alasiri bahari imejaa tena.

Wakisharudi nyumbani, shule na kazi zimeanza, siku moja wakapelekwa Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, huuliza swali zuri kabisa: mbona ziwa letu haliendi popote?

Mwezi huivuta dunia, na upande ulio karibu nao huvutwa kwa nguvu kidogo zaidi kuliko upande wa mbali. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoyahamisha maji. Bahari zote za dunia zimeungana, kwa hiyo maji yana nafasi ya kusogea kwa maelfu ya kilomita na kurundikana. Pwani ya Mombasa hujaa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana ukiogelea saa kumi leo, kesho maji hujaa kwa kuchelewa kidogo.

Jua nalo huvuta, kwa karibu nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, viwili hivi huvuta katika mstari mmoja, na hapo huja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Sasa kumbuka Pasaka inavyopangwa: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo mgeni wa Pasaka mara nyingi huikuta bahari ikiwa na nguvu zake zote au ndiyo kwanza zinapungua. Bamvua ikikolea, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa pale Mombasa hukaribia mita 4. Mimi naona hakuna wakati bora wa kumwonyesha mtoto jambo hili.

Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kwa mwezi hilo ni beseni tu. Jinja na Mwanza huvutwa karibu sawasawa, na hakuna maji mengine ya kuja kuongezeka. Kinachobaki ni sentimita chache, na wimbi la upepo mdogo huzifuta. Tazama nguzo ya gati pale Ggaba: alama ya maji hucheza na mawimbi tu. Ikipanda ghafla, ujue upepo umesukuma maji upande huo.

Ziwa hupanda kwa mvua, kwa sababu takriban asilimia 80 ya maji yake hulinyeshea moja kwa moja. Ndiyo maana hubadilika polepole, kwa miezi na miaka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 likavuka hata kiwango hicho, na watu wa kandokando, Entebbe na Ggaba wakiwemo, wakavamiwa na maji majumbani na kwenye biashara zao.

Hata hivyo mwezi una kazi yake ziwani. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, kama wale wa Kiyindi, huvua usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu na mavuno hupungua. Kwa hiyo siku zilezile ambazo bahari ya Diani hujaa mno, wengi wao hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza injini, mpaka mwezi uanze kuchelewa kuchomoza.