Chaja ya Kudumisha Betri na Gari la Kasi Lililoegeshwa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Magari ya kasi ya Nairobi, iwe ni Subaru Impreza WRX STI iliyoagizwa kutoka Japani au Porsche 911 inayotolewa Jumapili pekee, hukaa chini ya turubai muda mrefu kuliko yanavyokaa barabarani. Katika hali hiyo, kitu cha kwanza kuharibika si injini wala tairi, bali ni betri. Chaja ya kudumisha betri, yaani chaja ndogo inayoachwa imeunganishwa wiki baada ya wiki, ndiyo njia rahisi zaidi ya kuzuia hasara hiyo. Hata hivyo, mengi yanayosemwa kuihusu katika gereji na maegesho yetu hayana msingi, na baadhi yake humfanya mwenye gari anunue betri mpya kabla ya wakati.

"Nairobi haina theluji, kwa hiyo betri haiwezi kulala"

Baridi kali hupunguza nguvu ya betri wakati wa kuwasha gari, na ndiyo maana maelezo mengi kutoka Ulaya na Marekani kuhusu chaja hizi huzungumzia majira ya baridi. Lakini baridi siyo inayomaliza chaji ya gari lililoegeshwa. Kinachoimaliza ni vifaa ambavyo havizimiki hata ufunguo ukiwa mezani: alamu, kipokezi cha rimoti, saa, kompyuta za gari, na hapa kwetu traka, yaani kifaa cha kufuatilia gari lilipo, ambayo mara nyingi hufungwa kwa sharti la mkopo au la bima, na ambayo fundi huiunganisha moja kwa moja na umeme usiozimika. Tuseme vyote kwa pamoja vinavuta miliampea 50, kiwango ambacho mafundi wengi wa umeme wa magari hukihesabu kuwa cha kawaida. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ni kipimo cha chaji ya betri), na kwa siku 30 ni ampea-saa 36, ilhali betri nyingi za magari ya aina hii zina ampea-saa 60 hivi. Mwezi mmoja tu, na zaidi ya nusu ya chaji imekwisha bila gari kusogea.

Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma volti 12.6 hadi 12.7 kwenye mita; ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi. Kadiri inavyokaa katika hali hiyo ya chini, salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye bamba zake hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziyeyusha zote. Uharibifu huo hauhitaji baridi hata kidogo, na joto ndilo huuharakisha.

"Askari aliwashe dakika kumi kila Jumamosi"

Huu ndio ushauri unaotolewa zaidi, na kwa maoni yangu ndio mbaya kuliko yote. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, huzunguka polepole, na sehemu kubwa ya umeme wake huishia kwenye pampu ya mafuta, feni na kompyuta. Kinachobaki kwa betri ni kidogo. Na hata kingekuwa kingi, betri ya risasi hupokea chaji polepole zaidi inapokaribia kujaa, kwa hiyo huhitaji saa kadhaa wala si dakika. Wakati huohuo injini haijapata joto la kutosha: unyevu unabaki ndani ya ekzosi na kwenye oili, na petroli ya ziada inayomwagwa injini ikiwa baridi huteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye oili hiyohiyo. Ama gari liachwe limezimwa, ama liendeshwe kikweli, nusu saa au zaidi kwenye Southern Bypass hadi oili ishike moto wake.

"Chaja ni chaja"

Chaja nzito ya kizamani, ile yenye transfoma na sindano inayocheza kwenye kioo, husukuma umeme bila kujali kama betri imejaa. Ikiachwa usiku kucha hakuna tatizo kubwa. Ikiachwa mwezi mzima, huchemsha maji ya betri na kuacha bamba zikiwa wazi. Hofu kwamba chaja huunguza betri ilizaliwa na vifaa vya aina hiyo, na ilikuwa hofu ya haki. Chaja ya kudumisha hufanya kazi tofauti: hupandisha hadi volti 14.4 au zaidi kidogo, husubiri betri ijae, kisha hushuka hadi karibu volti 13.5 au hujizima na kuamka tu pale inapoona volti zimeanguka. Hiyo inaweza kuachwa miezi, mradi betri yenye vifuniko vya maji ikaguliwe mara kwa mara.

Mambo mawili yanapaswa kusomwa kwenye lebo kabla ya kununua. La kwanza ni aina ya betri inayokubaliwa, kwa kuwa betri ya lithiamu, kama ile nyepesi ambayo Porsche ilitangaza mwaka 2009 kwa ajili ya 911 GT3, inahitaji chaja iliyoundwa kwa ajili ya lithiamu. Mipigo ya kuvunja salfeti iliyo kwenye baadhi ya chaja za risasi haiifai. La pili ni umeme wa ukutani. Chaja iliyokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, nasi tunatumia 240. Adapta ya plagi ya pini tatu hubadilisha umbo la pini tu, haipunguzi volti, na chaja ya volti 100 isiyoandikwa "100–240" inaweza kuungua.

"Betri ikifa, chaja itaifufua"

Chaja ndogo ya ampea 0.8 ingehitaji zaidi ya siku tatu kuijaza betri ya ampea-saa 60 iliyokwisha kabisa, na nyingi hukataa hata kuanza zikikuta volti ziko chini mno. Kazi yake ni kulinda betri nzima iliyojaa. Ijaze kwanza kwa chaja kubwa, iache usiku mmoja bila kuunganishwa na kitu, kisha upime. Ikiwa imeshuka hadi 12.3 bila kuvutwa na chochote, betri hiyo imezeeka, na taa ya kijani kwenye chaja haitabadilisha hali hiyo.

"Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, basi"

Kibanio chekundu cha chaja kwenye ncha chanya ya betri ni sawa. Cheusi ndicho chenye mambo. Katika magari mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni, ukichungulia ncha hasi ya betri utaona kijisanduku cheusi cha plastiki kilichong'ang'ania hapo, na waya mwembamba ukitoka ubavuni mwake. Hicho ni kihisio kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukibana kibanio cheusi juu ya ncha yenyewe, unakipita kando, na kompyuta ya gari haijui kwamba betri imejazwa. Kibanio kiwekwe kwenye chuma cha bodi au boliti ya kuchajia iliyowekwa na mtengenezaji. Hata pasipo kihisio, kuunganisha mbali na betri ni busara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ikifikia asilimia 4 tu ya hewa.

Utaratibu ni huu: nyekundu kwanza, nyeusi pili, plagi ya ukutani mwisho; wakati wa kuondoa, anza na plagi, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Betri ikiwa kwenye buti, kama ilivyo katika BMW M3 ya kizazi cha E46, tafuta ncha chanya ya akiba chini ya boneti badala ya kuubana waya kwa mlango wa buti. Anayechaji kila mara afunge ule waya mfupi wenye pete na fyuzi unaokuja na chaja nyingi, uachwe ukining'inia mahali panapofikika. Soketi ya kiberiti inafaa tu ikiwa haikatiki ufunguo ukitolewa. Katika magari mengi hukatika, na chaja hubaki imeunganishwa na kitu kisichopeleka umeme popote.

"Umeme ukipotea, chaja itainyonya betri"

Kiasi inachonyonya hakistahili kutajwa. Jambo la kuangalia ni umeme unaporudi: baadhi ya chaja hurejea zenyewe, nyingine husubiri mtu abonyeze kitufe. Kile kifaa cha kukinga friji, kinachochelewesha umeme dakika chache, kinafaa hapa pia. Kuhusu tokeni, chaja inayovuta wati 5 mfululizo hula yuniti 3.6 kwa mwezi.

"Betri ikiwekwa sakafuni, saruji huinyonya"

Ilikuwa na ukweli kidogo enzi za visanduku vya mbao na mpira. Plastiki ya leo haipitishi kitu.

"Chomoa ncha hasi, inatosha"

Kwa gari la zamani lisilo na elektroniki nyingi, inatosha kwa miezi kadhaa, kwa maana betri yenyewe hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Kwa gari la kisasa, madirisha husahau mipaka yake, redio huomba namba yake ya siri, alamu hunyamaza na traka hukatika umeme, jambo ambalo bima au benki inaweza kulihoji. Mwenye 911 akumbuke pia kwamba betri iko mbele, chini ya kifuniko ambacho katika matoleo mengi ya karne hii hufunguka kwa umeme. Akichomoa ncha na kukifunga, atalazimika kupitisha umeme wa nje kwenye ncha ya dharura iliyo ndani ya kisanduku cha fyuzi, ambayo inatosha kufungulia kifuniko lakini haifai kuwashia injini.