Bomba Likishafukiwa, Mkaguzi Atakagua Nini?

"Kiwanja changu, kisima changu, karo langu. Sheria inanihusu nini?"

Maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja. Kinachopenya kutoka kwenye shimo lako la maji taka kinaweza kuibukia kwenye kisima cha jirani, na chake kwako. Ndiyo maana kanuni nyingi hutaka kisima kiwe mbali na shimo la kunyonya maji taka, mara nyingi mita 30, tena upande wa juu wa mteremko. Kwenye mwamba wenye nyufa hata hizo mita 30 huenda zisitoshe, kwa sababu maji hupita bila kuchujwa.

"Nitamwita mkaguzi kazi ikiisha."

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Mkaguzi anataka kukuta mtaro uko wazi. Ataweka pima maji juu ya bomba: lile la milimita 100 kwa kawaida hushuka kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na likilala bapa uchafu hutuama. Kisha mwisho wa chini unazibwa, bomba linajazwa maji, watu wanasubiri. Maji yakipungua, kuna kiungio kinachovuja, na kwenye mtaro wazi unakiona kwa macho. Ukishafukia, utakitafuta kwa sururu.

Kwenye karo, yaani tangi la septiki, ataangalia tii ya bomba la kutokea: kiungio cha umbo la T kinachochota maji chini ya mafuta. Fundi mwenye haraka huiruka, maana bila hiyo maji bado yatatoka. Ila yatatoka na mafuta yaliyokuwa yakielea juu, yakazibe udongo wa shimo la kunyonya, na udongo ulioziba hauzibuliwi kwa waya.

"Karo langu lina miaka na halijawahi kujaa."

Basi likague upesi. Tangi la septiki linalofanya kazi huwa limejaa hadi usawa wa bomba la kutokea siku zote. Lisilofika hapo, na nyumba inatumika, huenda linavuja. Kinachopimwa ni unene wa tope chini na utando juu. Na hamira mnayomwaga chooni haiondoi tope. Linaondolewa na gari la kunyonya.

"Maji yangu ni maangavu, na nayachemsha."

Kuchemsha huua vijidudu, sawa. Lakini hakuondoi naitreti, kemikali ambayo mara nyingi hutokana na maji taka au mbolea na ni hatari kwa watoto wachanga. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake kwenye yaliyobaki hupanda. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Macho hayaioni, ulimi hauionji. Ni maabara tu.

"Kisima na bomba la mji naviunganisha kwa valvu moja."

Presha ya mji ikishuka na valvu ikiwa imechakaa, maji yako ya kisima yanaingia kwenye mabomba ya mtaa mzima. Njia salama zaidi ni bomba la mji limwagie tangi kutoka juu, mdomo wake usiguse maji hata tangi likijaa.