Kamba ya Kupandia Iondolewe Kazini Lini?

Mafundi wa minara ya simu Mbeya, wakusanya mbegu za misindano Sao Hill na vijana wanaopanda miamba ya Iringa hutuletea swali lilelile: kamba hii bado inafaa? Wengi hutazama rangi. Ikiwa bado inang'aa, wanaiamini, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kamba ya kupandia ina kiini cha nyuzi za nailoni, kinachobeba sehemu kubwa ya uzito, na ganda lililosukwa kukilinda. Jicho huliona ganda tu. Kwa hiyo ikague kwa vidole bila glovu, kutoka ncha hadi ncha, huku ukiikunja kitanzi kidogokidogo. Kamba nzima hukunjika kwa mviringo. Ikibonyea kama mrija uliopondwa, kiini kimeumia. Sehemu iliyovimba, iliyokonda au iliyokakamaa pia ni dalili mbaya. Ganda likichanika hadi kiini kuonekana, au likiyeyuka kwa joto la msuguano, hakuna cha kujadili. Hitilafu ikiwa karibu na ncha, kata kipande hicho, lakini pima urefu uliobaki na uwaambie wenzako: aliyezoea kamba ya mita 60 anaweza kuishiwa kabla ya kufika chini.

Adui ninayemhofia zaidi ni asidi ya betri. Huku kwetu kamba husafiri nyuma ya pikapu pamoja na betri za sola na za minara. Asidi hiyo, hata mvuke wake, hula nailoni na huenda usione alama yoyote. Kamba iliyolala karibu na betri iliyovuja iondoe, hata kama ni mpya. Usijaribu kuiosha ukidhani itapona.

Baridi ya Mbeya nayo hudanganya. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inayochosha nailoni inavyozidi ukali, hata siku isiyo na joto. Kamba iliyojaa mchanga ioshe kwa maji yasiyozidi nyuzi joto 30 na sabuni isiyo kali, kisha ianike kivulini. Chembe za mchanga zikiachwa hupenya ganda na kukata nyuzi kwa ndani.

Kuhusu umri, watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 hata kwa kamba iliyokaa stoo tu. Inayotumika kila wiki huhesabiwa mwaka mmoja hivi. Ya kila siku, chini ya hapo. Ikidaka anguko kubwa, muda wake umekwisha siku hiyo.

Yote haya hayajulikani bila daftari: mwaka wa kutengenezwa, siku za kazi, maanguko, mahali inapohifadhiwa. Ndiyo maana nawasihi msipande kwa kamba ya mtumba au ya kuazima ambayo hakuna anayeweza kueleza ilikotoka.

Ukishaiondoa, ikate siku hiyohiyo vipande vya mita mbili mbili. Vitafaa kufungia magunia ya viazi, na hakuna kijana atakayeiokota stoo akapanda nayo.