Unywele Usio na Mzizi Haunitoshi

Sokwe wa Kisiwa cha Rubondo si wenyeji wa Ziwa Viktoria. Kati ya 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt lilileta 17 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa, na kuwaachia msituni. Kila mara nikipokea sampuli za nywele zao kazini hapa Mwanza, swali langu ni lilelile: je, wote 17 waliacha kizazi, au ni wachache tu wanaozaana wao kwa wao?

Kumpiga sokwe sindano ya usingizi akiwa juu ya mti ni kumhatarisha bure. Nywele zake zinapatikana bila kumgusa.

Wenzetu wa Marekani wamelithibitisha hili kwa dubu. Mwaka 2004, huko Montana, kikosi cha Kate Kendall kilizungushia miti seng'enge, kisha kikamwaga katikati mchanganyiko wa samaki waliooza na damu ya ng'ombe. Dubu hufuata harufu, hupenya kwenye waya, huacha nywele kwenye miiba na kwenda zake. Kwa kuangalia vinasaba vya nani vimejirudia na vya nani vimeonekana mara moja, walikadiria dubu aina ya grizzly 765.

Lakini mwiba hung'oa. Kiota cha sokwe hukupa nywele zilizopukutika zenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Uangalie unywele kwenye mwanga: uliong'olewa mara nyingi una mzizi uliozungukwa na utando mwororo, ilhali uliopukutika mara nyingi hauna utando huo. Katika utando huo ndimo zilimo seli nyingi zenye DNA ya baba na mama. Shina, kwa sehemu kubwa, hunipa DNA ya mitokondria tu, inayorithiwa kwa mama, na hiyo haiwezi kunitenganishia ndugu wawili wa tumbo moja.

Kwa hiyo, vijana wangu mnaokwenda porini, wahini kiota cha jana kabla jua na unyevu havijaharibu DNA. Tumieni kibano, msiguse kwa mkono, maana DNA yetu na ya sokwe zinakaribiana sana na yetu inaweza kuchanganyika na yake. Wekeni kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni. Unyevu wa ziwa ukifungiwa humo, sampuli huoza.

DNA ikiwa haba, mashine husoma nakala ya mzazi mmoja na kuruka ya mwingine. Sokwe mmoja ataonekana wawili, na hesabu itavimba. Sampuli ya namna hiyo naipima upya mara kadhaa. Majibu yakipingana, naitoa kwenye hesabu.